Gari la Kulala Kutoka Mwanza Hadi Butiama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tuigeuze Coaster yetu, basi dogo la abiria, kuwa gari la kulala, haipiti wiki bila mtu kunisimamisha, iwe Mwaloni Kirumba nikinunua samaki au kwenye foleni ya mafuta Buzuruga, akaniuliza yaleyale. Nimeyaandika hapa yote na majibu ninayotoa. Njia ninayoizungumzia zaidi ni ya mashariki mwa Ziwa Victoria: Mwanza, Kisesa, Magu, Lamadi, Bunda, Butiama, mpaka Musoma. Tumeipita mara nne: mimi, baba watoto, watoto wetu watatu, na mama mkwe wangu, ambaye ndiye msafiri hodari kuliko sisi sote.

Gari la kulala ni gari la namna gani?

Ni gari lenye kitanda, jiko, maji na mahali pa kuweka nguo, ili popote jua litakapowachwea muwe mmeshafika nyumbani. Nje huko yanatengenezwa kiwandani yakiwa kamili. Letu lilikuwa Coaster ya abiria iliyochoka. Tuling'oa viti vya nyuma, fundi seremala akatujengea kitanda kipana chenye nafasi ya mizigo chini yake, na mbele yake benchi mbili zinazotazamana ambazo usiku zinaunganishwa kuwa kitanda cha watoto. Jiko liko karibu na mlango.

Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni uzito. Wa kwetu alitaka kutumia mninga kila mahali kwa sababu ni mbao ya heshima. Tulimwomba atumie paini na plaiwudi, mninga ukabaki kwenye meza ya kukunja tu. Gari likiwa zito breki huchelewa kushika, springi hulala, na mafuta yanakwisha kabla ya safari.

Tuliacha viti sita vya mbele na mikanda yake. Gari likiwa linatembea hakuna anayelala kitandani, hata mtoto akilia.

Hiace haitoshi?

Kwa watu wawili inatosha sana, tena inaingia popote. Kwa familia mtagombana siku ya pili.

Karatasi gani zinahitajika?

Gari likibadilishwa matumizi, kadi yake nayo irekebishwe Mamlaka ya Mapato (TRA), kisha mwenye bima aambiwe. Usiache kadi inasema gari la abiria ilhali ndani kuna kitanda na jiko. Siku ya ajali ndiyo utakayojua bei ya uzembe huo. Kizima moto na pembetatu za kuakisi viwemo, na vikae mahali mkono unapofika. Gari likizidi tani 3.5, ukikuta mzani ingia upimwe. Na vibao vya 50 vijijini viheshimu hata kama huoni trafiki: barabara ya Musoma ina ng'ombe, watoto wa shule na baiskeli zilizobeba magunia.

Usiku tutalala wapi? Kuna maeneo maalumu ya magari haya?

Hili ndilo swali lenyewe, nalo nalijibu kwa urefu.

Viwanja maalumu vya magari ya kulala kama wanavyovizoea Ulaya na Marekani huku kwetu utavihesabu kwa shida. Zipo hoteli na kambi za wageni kandokando ya ziwa, hasa kuanzia Lamadi ambako lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko palepale barabarani, na wengi huko watakuruhusu kuegesha ukilipia. Zipo parokia na nyumba za wageni zenye uwanja wenye uzio. Na vipo vijiji. Sisi vijiji ndivyo tunavyovipenda, lakini tulijifunza kwa njia ngumu namna ya kulala humo.

Safari yetu ya kwanza tulichelewa kutoka Mwanza. Foleni ya Igoma ikatula saa nzima, giza likatukuta tumeshapita Magu. Tukaona uwanda wa majani unaoteremka kuelekea ziwani, mkuyu mmoja mkubwa, hakuna nyumba karibu. Baba watoto akasema hapa ni pazuri. Tukaegesha, tukala wali na dagaa, tukashusha mapazia, tukalala.

Saa nane usiku nikasikia filimbi. Ya kwanza ilikuwa mbali, ya pili karibu, kisha nyingine upande wa pili wa gari. Tochi zikaanza kupita kwenye vioo. Nilichungulia nikaona wanaume kama kumi na wawili, fimbo mkononi, wamelizunguka gari bila kelele. Walikuwa sungusungu. Ulinzi huu ulianzia huku kwetu, Usukumani na Unyamwezini, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipozidi. Hebu jiweke mahali pao: gari kubwa lenye mapazia meusi limesimama gizani, hatua chache kutoka kwenye mazizi ambayo sisi hatukuyaona, wala hakuna anayewajua waliomo.

Mama mkwe ndiye aliyefungua dirisha. Akawasalimia kwa Kisukuma, akataja ukoo wake, akawaambia ana wajukuu watatu wamelala nyuma yake. Fimbo zikashuka. Mzee mmoja akasogea, akammulika, akauliza kwa upole kabisa: “Sasa mama, mbona hamkupiga hodi?”

Hatukuwa na jibu. Tulidhani kwa kuwa tumebeba nyumba yetu hatuna haja ya kugonga ya mtu. Wakatuongoza kwa miguu, wao mbele na tochi, sisi nyuma na gari kwa gia ya kwanza, mpaka uani kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akatoka amejifunga shuka, akafungua daftari, akaandika majina yetu yote hadi la kitinda mimba, na namba ya gari. Tukalala usingizi ambao sijaupata hata hotelini. Asubuhi mke wake akatuletea matobolwa (viazi vitamu) ya moto na karanga kwenye ungo.

Tangu siku hiyo kanuni yetu ni moja: saa kumi jioni tunaacha kutafuta kilomita, tunatafuta mwenyeji. Jua huku linazama karibu na saa moja, kwa hiyo unabaki na muda wa kutosha wa kukubaliwa, au wa kuambiwa hapana na kusogea kijiji kinachofuata kungali na mwanga.

Nikifika kwa mwenyekiti niseme nini?

Egesha mbali kidogo na nyumba, zima muziki, shukeni wawili, mmoja wenu akiwa mwanamke ikiwezekana. Sisi huwa hivi:

“Hodi hapa!”
“Karibuni.”
“Shikamoo mzee.”
“Marahaba. Karibuni, kaeni.”
“Asante. Tumetoka Mwanza, tunakwenda Butiama. Jua linatuchwea. Tuko watu wazima watatu na watoto watatu. Tunaomba mahali pa kuegesha, tulale humohumo ndani ya gari, asubuhi tuendelee.”

Halafu nyamaza. Atauliza ya kwake: mnatoka mtaa gani, mna vitambulisho, gari ni la nani. Jibu moja baada ya jingine bila haraka. Ukijua neno la Kisukuma litumie: asubuhi wangaluka, na wabheja ukishukuru. Ukivuka kwenda upande wa Mara, lugha zinabadilika kila baada ya kilomita chache, lakini shikamoo haijawahi kukataliwa popote.

Tumlipe?

Usianze na pesa. Ukianza na pesa umemfanya awe mwenye gesti, na mwenye gesti anaweza kusema vyumba vimejaa. Sisi hubeba sukari, majani ya chai na sabuni za mche, tunampa mama mwenye nyumba asubuhi tunapoaga. Pakiwa pana mlinzi aliyekesha, huyo tunampa fedha mkononi, maana amefanya kazi.

Kulala kituo cha mafuta je?

Inawezekana, wengine wana walinzi na choo kizuri. Ila huwezi kuwasha jiko hapo, hata la gesi, hata dakika tano za chai. Kuleni kabla ya kuingia.

Na ukingoni kabisa mwa ziwa, tuamke tukitazama maji?

Natamani ningesema ndiyo. Viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na wana njia zao wanazozirudia, utaziona zimechimbika kama mtaro mpana. Ukiegesha kati ya kiboko na maji umemzibia mlango wa nyumba yake. Mamba nao wapo. Isitoshe ziwa lenyewe halikai mahali pamoja: mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji yalipanda mno, fukwe nyingi zikamezwa. Lala juu, kwenye mwinuko, asubuhi mshuke na chai zenu kutazama.

Bujora pana nini, na tukae muda gani?

Kaeni siku nzima. Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, Kisesa, kama kilomita 20 kutoka Mwanza katika barabara hiihii ya Musoma. Watu wengi wa Mwanza wamepita pale mara mia bila kukunja kona, jambo linaloniuma kidogo. Yalianzishwa na padri kutoka Kanada, David Clement wa shirika la White Fathers, kwa kushirikiana na wazee wa Kisukuma waliotaka vitu vyao vihifadhiwe.

Utaona nyumba ya Kisukuma na vyombo vyake, nyumba ya mfua chuma, ya mganga, na jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, yaani mtawala wa jadi. Mimi hunishika zaidi zile ngoma za watemi. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, watemi wakawa raia kama wengine, ngoma zikabaki. Mwongozaji alimruhusu mwanangu wa kati kusogea. Ngozi ilikuwa imekakamaa na kung'aa pale katikati, mahali ambapo mikono ya watu tusiowajua iliipiga miaka na miaka. Alisimama pale muda mrefu, mikono nyuma, kama walivyoagizwa.

Mwezi Juni kuna sherehe ya Bulabo, inayoendana na sikukuu ya Ekaristi. Hapo ndipo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vyenye ushindani tangu karne ya 19, hucheza kwa wakati mmoja upande huu na upande ule, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Wanacheza na chatu, na majembe, na chochote kitakachofanya miguu yako iwasogelee. Ukienda siku hizo fika mapema, la sivyo hutapata pa kuegesha.

Kulala: pana eneo wageni hupiga hema. Anza ofisini, uliza, ndipo uingize gari.

Na Butiama?

Ukitoka Bunda kuelekea Musoma utakunja kulia kwenda Butiama, alikozaliwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Inasimuliwa kwamba siku hiyo mvua ilinyesha sana, ndiyo maana akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Makumbusho ya Mwalimu yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule aliofariki, na kaburi lake liko Mwitongo, kwenye makazi ya familia, juu ya kilima chenye mawe makubwa.

Ndani ya makumbusho kuna zawadi alizopewa na mataifa, lakini watoto wetu walisimama zaidi kwenye vitu vidogo: nguo, viatu, fimbo. Kaburini vueni kofia, simu zizimwe sauti, na muulize kabla ya kupiga picha. Pale ni kwa watu, familia bado inaishi. Sisi hodi ya Butiama tunaipiga mara mbili, moja makumbusho na nyingine Mwitongo.

Nawashauri mwendelee hadi Musoma muione Shule ya Msingi Mwisenge. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, Mwalimu alitembea kutoka Butiama kwenda kuanza masomo pale, kama kilomita 42. Sisi tuliuendesha umbali huo taratibu, na nikawaambia watoto wahesabu vilima. Binti yangu mkubwa alifika kumi na kitu, akaacha, akauliza, “Mama, alikuwa na viatu?” Bibi yake akamjibu kwamba miaka ile watoto wengi walitembea peku. Hakuna aliyeongea tena mpaka tulipouona mji.

Tarehe 14 Oktoba, siku ya kumbukumbu yake, watu ni wengi sana. Ukitaka utulivu chagua siku nyingine katikati ya wiki.

Umeme mnapata wapi?

Juani. Tuna paneli ya wati 200 juu ya paa na betri ya pili, tofauti na ile ya kuwashia gari. Usizichanganye, utaamka gari haliwaki na wewe uko kilomita 30 kutoka kwa fundi.

Piga hesabu kabla ya kununua. Betri ya kawaida ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukiinyonya zaidi ya nusu unaiua, kwa hiyo ulizonazo ni 600. Taa tatu za wati 5 kwa saa nne ni 60. Simu nne ni kama 60 nyingine. Hapo uko sawa kabisa. Friji ndogo ya wati 50 ikifanya kazi nusu ya siku inakula 600 peke yake, na siku ya mawingu imekwisha. Tulijaribu friji, tukairudisha nyumbani. Sasa tunatumia deli na barafu tunayonunua pale Mwaloni: sato akipangwa vizuri kati ya barafu anafika Bunda akiwa mgumu na macho yanang'aa.

Mnapikia nini?

Gesi, mlango ukiwa wazi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi, hutuama sakafuni kama maji, ikisubiri cheche. Kwa hiyo kabati la mtungi litobolewe tundu chini, lipitishe gesi nje. Usiku funga mtungi wenyewe, usiishie kufunga jiko.

Jiko la mkaa lipikiwe nje na lilale nje. Nalisema hili kwa uzito wote nilionao. Mkaa unaoonekana umekufa bado unatoa hewa ya sumu, monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu. Ndani ya gari lililofungwa vioo kwa sababu ya baridi ya alfajiri, mnalala wote na hamwamki. Hata kama mvua inanyesha, hata kama mtoto anatetemeka, ongeza blanketi.

Maji na choo?

Tunahesabu lita 10 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kujifuta, tunabeba madumu sita ya lita 20. Maji ya kunywa tunachemsha, yawe ya bomba au ya kisima.

Choo ni ndoo yenye mfuniko wa kubana na gunia la maranda kutoka kwa seremala. Kila akitoka mtu anamwaga maranda, na haitoi harufu kama unavyodhani. Tunamwaga kwenye choo cha shimo cha mwenyeji, kwa ruhusa yake, kamwe si ziwani wala mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hata maji yenye povu la sabuni sisi tunayamwaga nje ya meta hizo. Kuna watu wanayateka yaleyale kwa ajili ya ugali wao wa jioni.

Watoto wanaruhusiwa kuoga ziwani?

Wa kwetu hapana. Kichocho kipo, kinaenezwa na konokono wanaokaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, penyewe hasa panapoonekana pazuri kwa kuogelea. Vidudu vyake hupenya kwenye ngozi bila kuumiza. Mkishaingia, nendeni mkapimwe baada ya wiki kadhaa, dawa zipo na zinaponya. Chandarua ni lazima, kila kitanda.

Naweza kuzunguka upande wa magharibi nao?

Siku hizi ni rahisi kuliko zamani. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na mahali tulipokuwa tukisubiri kivuko kwa masaa sasa unapita kwa dakika chache kuelekea Sengerema na Geita. Ukienda Ukerewe kwa kivuko cha Kisorya, funga mtungi wa gesi kabla ya kupanda, na watu wote washuke garini. Ziwa hili limewameza watu wetu wengi, meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996 na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018. Abiria asikae ndani ya gari kivuko kikiwa majini.

Twende tarehe gani?

Juni hadi Septemba barabara za vumbi ni kavu. Machi hadi Mei mvua itawazamisha kwenye tope mara tu mtakapoacha lami.

Baada ya hapo tazama mwezi. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa kuvuta samaki, na mbalamwezi ikiwa kali huweka nyavu zao kando, wanapumzika. Siku hizo mtalala kimya na mtawakuta nyumbani, wana muda wa kuzungumza. Mkitaka kuona taa zao nendeni wakati wa giza. Tulilala mwinuko mmoja juu ya Ghuba ya Speke usiku wa namna hiyo, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Kufika saa tatu, upeo wote wa maji ulikuwa umejaa taa, mpaka mtoto wetu mdogo akauliza ule ni mji gani. Zimeni taa zenu za nje mnapotazama, la sivyo wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi watahamia kwenu, na asubuhi mtawafagia kwa koleo.